Pete ya lenzi, magurudumu ya juu na mchanga wa Shela

Msomaji wa Langoni, Lamu, ananiuliza hivi: "Mimi hupiga picha harusi za akina mama, na mchana huuza picha za milango na mashua kwa wageni. Mpaka sasa natumia simu, lakini kwenye shughuli za wanawake simu hazitakiwi tena, watu wanaogopa picha zao kusambaa. Kamera wanaikubali, kwa sharti kadi ibaki kwa bibi harusi. Kuna muuzaji Mombasa ana kamera mbili zilizokwisha kutumika, bei yake ni moja: Canon PowerShot G7 X Mark II na Canon PowerShot SX740 HS. Ya kwanza ina magurudumu juu na pete inayozunguka lenzi, lakini zumu yake ni mara nne tu. Ya pili ni nyepesi kidogo na zumu yake ni mara 40. Hayo magurudumu na pete yana kazi gani, au ni urembo? Na ipi itavumilia hali yetu ya huku?"

Dadangu, chukua G7 X Mark II, ila ukishaikagua kwa namna nitakayokueleza huko chini. Kwa kazi ya harusi sina shaka nayo. Kwa kazi ya mashua ile nyingine ina hoja yake, nayo sitaificha. Ama kuhusu hali ya huko kwenu, hakuna kati ya hizo mbili iliyoundwa kwa ajili ya pwani. Zote zina ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo ndio unaonipa riziki hapa Malindi, kwa sababu kamera ndogo nyingi zinazofika mezani kwangu zimeliwa na mchanga.

Nianze na hiyo namba 40, maana ndiyo inayouza. Ndani ya kamera ya mfukoni nafasi ni finyu. Ukitaka lenzi ifike mbali sana na bado ijikunje ndani ya mwili mwembamba, huna budi kupunguza ukubwa wa sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Sensa ya SX740 ina upana wa kama milimita 6.2 na kimo cha 4.6. Ya G7 X ni milimita 13.2 kwa 8.8, eneo mara nne ya ile. Halafu tazama tundu la lenzi: G7 X inafungua mpaka f/1.8, SX740 inaanzia f/3.3, na namba hizi zikipungua ndipo tundu linapanuka. Tofauti hiyo peke yake ni mwanga mara tatu na zaidi. Zidisha hizo mbili, utaona kwamba ukiwa umesimama mahali pamoja, bila kuvuta zumu, kamera moja inakusanya mwanga zaidi ya mara kumi na mbili ya mwenziwe. Kwenye ukumbi wa harusi, saa tatu ya usiku, taa za rangi zinawakawaka na vugo, ile ngoma ya wanawake, limepamba moto, tofauti hiyo utaiona usoni mwa kila mtu: upande mmoja ngozi safi, upande wa pili chengachenga. Na ukiivuta SX740 mpaka mwisho wa zumu yake, tundu linabana hadi f/6.9. Hapo ni kamera ya jua kali tu.

Sasa twende kwenye magurudumu.

Kila kamera ya leo inabadilisha mambo yaleyale: tundu, kasi ya shata (yaani mwanga unaingia kwa muda gani), ISO (yaani sensa inaukuza mwanga kiasi gani), mwangaza wa jumla, mahali pa kufokasi. Kwa hiyo orodha ya uwezo iliyoandikwa kwenye boksi haikwambii kitu. Kinachotofautisha kamera na kamera ni njia ya kuyafikia mambo hayo. Mimi nikipewa kamera nisiyoijua huwa naitazama kwa swali moja: ni mangapi naweza kuyabadilisha bila kuingia kwenye menyu na bila kumwondolea macho mtu aliye mbele yangu? Kwa kamera ya mfukoni jibu likiwa ni matatu, hiyo ni kamera nzuri. Likiwa ni moja, umenunua simu isiyopiga simu.

La kwanza kati ya hayo, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote, ni kurekebisha mwangaza. Ukiishika G7 X Mark II kwa mkono wa kulia, juu upande wa kidole gumba kuna magurudumu mawili yaliyopandana. La juu ni la modi, lina herufi P, Tv (unapanga kasi ya shata), Av (unapanga tundu), M na nyenginezo. La chini yake lina namba kuanzia 3 ya kutoa mpaka 3 ya kujumlisha. Watu wengi hulipita hilo la chini wakidhani ni la mafundi. Mteja wako amesimama na buibui jeusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kwenye kichochoro kinachopanda kutoka Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, saa nne ya asubuhi. Kamera haijui kwamba ukuta ni mweupe. Inachojua ni kupima mwanga wote unaoingia na kuutafutia kijivu cha wastani. Ikiona ukuta umejaa mwanga, inapunguza. Matokeo yake ukuta unatoka rangi ya jivu, uso wa mteja unaingia giza, na buibui linakuwa shimo jeusi lisilo mkunjo wala nakshi.

Hapo kidole gumba kinasukuma lile gurudumu la chini mibofyo mitatu. Kila mbofyo ni theluthi, kwa hiyo mitatu ni +1, maana yake mwanga umeongezeka maradufu. Ukuta unarudi kuwa mweupe, uso unafunguka, na ule uzi mweusi uliotariziwa kwenye mkono wa buibui unaanza kuonekana. Haikuchukua hata nukta mbili, na hukumwacha mteja akiikodolea macho kamera yako huku wewe umeinama kwenye menyu. Ingia naye ndani sasa, kwenye daka lenye kivuli, mgongo wake kwenye mlango wa zamani wa mti uliokoza. Kinyume chake kinatokea: kamera inaona giza tupu, inaongeza mwanga, uso unaungua na dhahabu shingoni zinakuwa doa jeupe. Rudisha gurudumu mpaka -1.

SX740 nayo ina marekebisho hayo, lakini unabonyeza upande wa lile duara la nyuma, unasubiri kipimo kitokee kwenye skrini, unazungusha, kisha unarudi. Mtu asiye na haraka hatajali. Kwenye harusi, uso wa bibi harusi anapofunuliwa mtandio hausubiri. Na gurudumu lenye namba zilizochorwa lina faida nyingine: unalisoma hata kamera ikiwa imezimwa.

Lina na ubaya wake, uujue mapema. Halijisahaulishi. Uliloliacha kwenye +1 leo mchana litakuwa kwenye +1 usiku, na mkoba nao unaweza kulizungusha lenyewe. Kila unapoitoa kamera, tupa jicho juu uone kama alama iko kwenye sifuri.

La pili ni ile pete mbele ya lenzi. Canon waliileta kwenye kamera zao ndogo mwaka 2009 kwa PowerShot S90, wakati ambao watengenezaji wengi walikuwa wanashindana kuondoa vitufe ili mwili uwe mwembamba na wa kung'aa. Ilipendwa sana, na Sony walipotoa RX100 mwaka 2012, kamera iliyoingiza sensa kubwa ya ukubwa huu mfukoni, nao wakaweka pete. G7 X ya kwanza ikafuata mwaka 2014, na hii Mark II mwaka 2016. Nakutajia miaka hii kwa sababu utakutana na ndugu zake sokoni. Pete ya RX100 za mwanzo inateleza kimya bila mbofyo wowote, na mimi siipendi kwa sababu kidole hakijui kimefika wapi. Ya G7 X Mark II ina kiswichi pembeni: upande mmoja pete inabofya, upande wa pili inateleza kwa ajili ya video. Iache kwenye kubofya.

Pete hii unaipangia kazi mwenyewe. Wengi huipa tundu la lenzi, kwa kuwa ndivyo lenzi za zamani zilivyokuwa. Mimi naona ni kupoteza pete. Kwa sensa ya ukubwa huu, tundu la f/2.8 na f/4 kwenye picha ya watu watano halionyeshi tofauti ya kutisha. Ipe kazi ya zumu ya hatua. Ukiipangia hivyo, kila mbofyo unairusha lenzi hadi urefu unaojulikana, kwa milimita: 24, 28, 35, 50, 85, 100. Namba ndogo inachukua eneo pana, kubwa inavuta karibu. Faida yake ni kwamba baada ya wiki chache unajua picha itakavyokuwa kabla ya kuinua kamera.

Hesabu ya milango inasaidia hapa. Lenzi ikiwa kwenye 24, ukubwa wa upande mrefu wa picha ni mara moja na nusu ya umbali uliosimama. Kwenye 28 ni karibu mara moja na robo na kidogo. Vichochoro vya Mkomani unavijua, kuna mahali ukiupa mgongo ukuta mmoja, ukuta wa pili uko mita mbili mbele yako. Kamera ukiisimamisha wima, kwenye 24 unapata kimo cha mita 3, kwenye 28 kama mita 2.6. Hiyo sentimita arobaini ndiyo inayoamua kama kizingiti cha juu chenye nakshi kimeingia pamoja na ngazi ya mlango au umekikata. Zote mbili ulizoonyeshwa zinaanzia 24, kwa hiyo hapo ziko sawa. Lakini akikutolea Ricoh GR au RX100 ya kwanza, jua GR nyingi zimefungwa kwenye 28 na RX100 hiyo inaanzia 28, na Fujifilm X100 yoyote imefungwa kwenye 35. Ni kamera nzuri mno, ila mlango wa karibu mita tatu ndani ya kichochoro cha mita mbili utakushinda.

Kwa sura ya mtu fanya kinyume, zungusha mpaka 85 na usimame mbali kidogo. Ukimpiga bibi harusi kwenye 24 kwa karibu, pua ndiyo itakayofika kwanza, na malipo yako huenda yakachelewa.

Kitufe cha shata nacho kina hatua mbili, na watu waliozoea simu hawaijui hatua ya kwanza. Ukikibonyeza nusu, kamera inapima mwanga na kufokasi, kisha inasubiri. Ukimalizia, picha inachukuliwa papo hapo. Anayekibonyeza mara moja mpaka chini analalamika kwamba kamera ni nzito. Si nzito, imelazimishwa kufanya kazi tatu kwa pigo moja. Jizoeze kukaa kwenye nusu huku ukingoja. Mikono yenye hina au piko ndipo utakapoona faida: gusa skrini juu ya kidole unachotaka kiwe makini, bonyeza nusu, mwambie ageuze kiganja, malizia. Skrini ya G7 X inakubali kuguswa. Ya SX740 haikubali, unahamisha fokasi kwa vitufe. Kwangu mimi hilo ni la tatu kwenye yale matatu niliyoyataja.

Umbo la kushika. G7 X Mark II ina uzito wa kama gramu 319 na betri yake, na mbele ina kijinundu cha mpira cha kushikia. Si kikubwa, lakini kwa joto la Lamu kati ya Kaskazi na masika, vidole vikiwa na jasho, kijinundu hicho ni cha thamani kuliko zumu yoyote. RX100 ni sabuni. Wenye nazo huinunulia kipande cha mpira cha kubandika. Weka kamba ya mkononi siku ya kwanza, na uivae kabla ya kuitoa kamera kwenye mkoba, hasa ukiwa gatini au ndani ya mashua.

Skrini ya G7 X inainuka na kugeuka mpaka ikutazame, na pia inainama kidogo kwa kupiga juu ya vichwa vya watu. Kwa shughuli za wanawake, mahali ambapo kila mtu amesimama kumzunguka anayepambwa, hiyo ni kazi ya kila siku. Kwa mchana wa jua kali si hivyo. G7 X Mark II haina kichungulio cha kuweka jicho, na SX740 pia haina. Saa saba mchana pale mbele ya ngome ya Lamu, skrini yoyote inakuwa kioo cha kujitazamia. Ongeza mwanga wa skrini hadi mwisho, jikinge kwa mtandio, na uamini lile gurudumu la mwangaza kuliko macho yako, kwa sababu picha iliyo sawa itaonekana giza. Ukitaka kichungulio ndani ya mwili mdogo namna hii, tafuta RX100 III ya mwaka 2014 au za baada yake, kinachomoza juu kwa kubonyeza. Ni sehemu moja zaidi ya kuvunjika, lakini inafanya kazi.

Tufike kwenye ugonjwa. Lenzi ya kamera hizi mbili imeundwa kwa mirija inayoingia mmoja ndani ya mwengine. Ukiiwasha, mota ndogo yenye meno ya plastiki inaisukuma mirija nje, ukiizima inairudisha. Kila inapotoka, inavuta hewa ndani, na kila inaporudi inakwangua kilichoganda juu ya mrija. Upepo wa Kusi pale Shela hurusha mchanga laini usioonekana. Chembe moja ikikaa kati ya mrija na mrija, utaisikia kwanza: mlio wa kusaga, kama mtu anatafuna mchele wenye mawe. Ukiendelea kuiwasha na kuizima ukidhani itajitoa, jino la plastiki linakatika, na skrini inaandika kwamba lenzi ina hitilafu. Kuanzia hapo kwa kawaida bei ya ukarabati inakaribia bei ya kamera.

Kwa hiyo ufukweni usiizime na kuiwasha ovyo. Iwashe ukiwa umeupa upepo mgongo, piga, izime, irudishe ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu. Ukitaka kumwonyesha mteja picha, usiguse kitufe cha kuwasha. Kamera ikiwa imezimwa, bonyeza kile kitufe chenye pembetatu cha kutazama picha: itawaka lenzi ikiwa ndani. Watu wachache wanajua hilo, nalo linaokoa lenzi nyingi. Na mkobani isikae pamoja na funguo na chochote kinachoweza kubonyeza kitufe cha kuwasha, maana lenzi ikitoka ikakuta kitambaa kimeibana, mota inashindana na mkoba, na mkoba hushinda.

Ukishasikia kusaga, simama hapohapo. Kama lenzi iko nje, fungua mlango wa chini utoe betri, lenzi itabaki nje. Ielekeze chini, piga hewa kwa kile kipira cha kupulizia pembeni mwa kila mrija, pitisha brashi laini, kisha ndipo urudishe betri. Usipulize kwa mdomo. Mate yana unyevu na mchanga utaganda. Wala usitie mafuta yoyote, hata yale mepesi ya cherehani. Mafuta yanaukaribisha mchanga, na mvuke wake unapanda mpaka kwenye vioo.

Chumvi ni adui wa polepole. Baada ya safari ya boti kutoka Mokowe au Shela, pangusa mwili kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo chumvi, kisha kikavu. Nyumbani iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mchele usitumie, unga wake unaingia kila mahali. Wala usiifungie kabatini kwa miezi. Kuvu huota kwenye lenzi iliyolala gizani.

Kwa kukagua, usikubali kuletewa kwa basi na boti bila kuishika. Nenda mwenyewe Mombasa au mtume mtu anayeweza kusubiri. Iwasheni na kuizima mara nyingi, sikio likiwa karibu na lenzi. Vuta zumu mpaka mwisho na kuirudisha polepole. Weka modi ya Av, funga tundu mpaka f/11, piga ukuta mweupe, kisha kuza picha uitembee yote: madoa ya kijivu yanayokaa mahali palepale kwenye kila picha ni vumbi lililoingia mpaka kwenye sensa, na kamera hii haifunguki kwa kusafishwa nyumbani. Zungusha pete na duara la nyuma polepole huku ukitazama namba. Zikiruka au kurudi nyuma, basi ndani kumeshaliwa. Lile gurudumu la modi nalo, kila herufi ionekane ile ile kwenye skrini. Inua na uinamishe skrini, isizime wala kuyumbayumba, kwa sababu waya mwembamba wa bawaba hukatika. Mlango wa betri ufunge kwa mlio mmoja thabiti. Kwenye tundu la skrubu ya stendi huko chini tafuta kutu: kama kuna kutu hapo, kamera imewahi kunywa maji ya bahari, na hata akikupunguzia nusu ya bei, mwachie.

Sasa haki ya SX740. Siku za mashindano ya mashua, ukiwa umesimama ukutani mbele ya bahari na nahodha yuko katikati ya mkondo upande wa Manda, zumu ya mara 40 inakuletea uso wake na mkono wake kwenye usukani. G7 X itakupa tanga na bahari. SX740 pia inarekodi video ya 4K, na G7 X Mark II inaishia 1080. Kama riziki yako kubwa ingekuwa mashua na ndege wa mikokoni, na yote mchana, ningekwambia kinyume cha nilichokwambia. Lakini SX740 haiandiki picha za RAW, zile zenye data zote za sensa, kwa hiyo kilichoungua kimeungua. Na ingekuwa kazi yako yote iko ndani ya boti, nisingekupa hata moja kati ya hizi. Ningekutafutia Olympus TG-6, ambayo lenzi yake haitoki nje kabisa na inazama mita 15. Nayo sensa yake ni ndogo kama ya SX740 na haina modi ya kupanga kasi ya shata kwa mkono, kwa hiyo ukumbini usiku itakusumbua.

Ukishaipata G7 X, kabla ya harusi ya kwanza ipange hivi. Modi iwe Tv, kasi 1/125, inatosha kuwagandisha wanaocheza bila kuua mwanga wa ukumbi. Kwenye vugo panda mpaka 1/250. ISO iwe ya otomatiki lakini iwekee mpaka wa 3200. Pete iwe zumu ya hatua, na duara la nyuma libaki na kasi. Zima milio yote: shata ya kamera hizi iko ndani ya lenzi na ni karibu bubu, ule mlio unaousikia ni wa spika tu. Zima na ile taa ya rangi ya chungwa inayosaidia kufokasi, inawachoma watu machoni na kuwaambia wote kwamba unapiga. Flashi iache imelala. Ukiihitaji utaiinua kwa kiswichi chake. Betri ya NB-13L ni ndogo, kwa kipimo cha kiwandani inatoa zaidi kidogo ya picha 250, kwa hiyo usiende na chini ya tatu.

Kuhusu sharti la akina mama, hapo una nguvu kuliko unavyodhani. Kamera hii haina kumbukumbu ya ndani. Kadi ikitoka, hakuna picha inayobaki. Nunua kadi ndogo ndogo za GB 16 au 32, kila harusi na yake, na bei yake uitie kwenye malipo yako. Wi-Fi iwe imezimwa tangu nyumbani. Shughuli ikiisha, itoe kadi mbele ya mama wa bibi harusi, washa kamera bila kadi ili aone mwenyewe skrini ikimwambia hakuna kadi, kisha umkabidhi mkononi. Kama kuna picha ungependa kuzisafisha kwenye kompyuta, mwombe hapohapo, mkae pamoja siku mtakayokubaliana, na kadi arudi nayo yeye.